Milangilangi ya Bi Thuwaiba

Hakuna aliyemwambia Elisante kwamba milangilangi ile ilikuwa ikifunikwa mablanketi.

Alifika Hatta, mji wa milimani wa Dubai, mwezi wa Machi, wiki tano tangu Bi Thuwaiba azikwe, akakabidhiwa bustani, mpira wa maji, mkasi wa kupogolea na chumba kidogo kilichopakana na stoo. Mwenye nyumba, mzee Marhun, mume wa marehemu, alikuwa mtu wa ukoo wa Unguja. Alikuwa ameishi Dubai zaidi ya miaka hamsini, lakini Kiswahili chake kilikuwa bado kile kile alichoondoka nacho Mjini akiwa kijana. Siku ya kwanza alimpeleka Elisante hadi ukuta wa mashariki, akamwonyesha vichaka kwa fimbo yake.

"Mie maua siyajui," alisema. "Mwenyewe alikuwa yeye. Wewe fanya unavyojua."

Kisha akarudi ndani, wala hakutoka tena siku ile.

Kazi Elisante aliijua. Alikuwa Mmeru wa miaka arobaini na nane, na kabla ya kuja Uarabuni alikuwa ametumikia miaka kumi na sita kwenye mashamba ya maua karibu na Usa River. Waridi angeweza kulitibu amefumba macho. Mlangilangi, hata hivyo, hakuwahi kuutunza, sembuse kuutunza katikati ya milima ya mawe matupu. Ilikuwa kumi na mmoja, ya ile aina fupi isiyopanda ikawa mti bali hutawanya matawi na kubaki kichaka cha kimo cha kifua. Bi Thuwaiba aliibeba ikiwa michanga kutoka Unguja, imezongwa kitambaa kibichi ndani ya mkoba wake, na kwa miaka kumi na miwili aliilea kama mtu anavyolea mtoto njiti. Wavu wa kuikinga na jua la Julai Elisante aliukuta stoo, akaitambua kazi yake. Aliyakuta na mablanketi, kumi na mawili, yamefuliwa na kukunjwa ndani ya mifuko. Hayo alidhani ni ya wageni.

Kiangazi kilipita salama. Oktoba maua ya manjano yalitoka, yakaning'inia kama vidole vilivyolegea, na harufu yake ikaingia hadi chumbani kwa mzee. Kila jioni Marhun alitoka, akachuma mawili matatu, akayatia mfukoni mwa kanzu. Elisante alikuwa akijifanya hamwoni.

Januari, wiki ya kwanza, upepo ulivuma kutoka kaskazini siku mbili mfululizo, halafu ukatulia ghafla. Anga likawa tupu, halina hata wingu. Mtu aliyekulia miteremko ya Meru angepaswa kuishtukia hali hiyo. Kule juu, anga la namna ile na utulivu wa namna ile ndivyo vilivyokuwa vikiunguza viazi vya mama yake. Lakini Elisante alikuwa Uarabuni, nchi ambayo kila aliyemuaga alimwonya juu ya joto. Alivaa sweta, akalala.

Alfajiri aliamshwa na Nasifu, mlinzi wa getini, Mganda wa Iganga.

"Eli! Wewe Eli, toka uone! Maji ya paka yamekuwa kioo!"

Elisante alitoka pekupeku. Maji ya bakuli la paka yalikuwa na utando wa barafu, na kioo cha gari kilikuwa cheupe. Hakusimama kutazama hayo. Alikimbia ukuta wa mashariki. Milangilangi yote kumi na mmoja ilikuwa imesimama, majani yake yakiwa ya kijani kizito, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Kwa dakika chache alidhani imepona. Jua lilipochungulia juu ya mlima na kuyagusa, majani yakaanza kulegea mbele ya macho yake, yakageuka meusi, yakanyong'onyea kama mchicha uliochemshwa ukapitiliza.

Nasifu alishika kichwa. "Banange," alisema taratibu.

Mzee Marhun alitokea mlangoni amejitanda shali. Aliitazama ile safu, kisha akautazama mlango wa stoo.

"Mablanketi," alisema. "Alikuwa akiifunika. Kila mwaka, Disemba mpaka Februari, ikifika magharibi hutoka na mablanketi yake. Mie nikimwona dirishani nikimcheka, namwambia, mbona hunifuniki mie? Nimesahau, Eli. Nimesahau kabisa."

Elisante aliisogelea ile safu. Alichuchumaa kwenye kichaka cha kwanza, akakwangua gome la tawi kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa na rangi ya kahawia. Akashuka chini kidogo, akakwangua tena. Kahawia. Alipofika usawa wa goti, ukucha uliacha mstari mwembamba wa kijani, umelowa. Akaenda cha pili, cha tatu, hadi cha mwisho. Yote ilikuwa hivyo: juu imekufa, chini bado.

"Mzee, haijafa," alisema. "Lakini inataka subira. Tusiikate. Haya majani yaliyoungua tuyaache hapo hapo, ndiyo nguo yake. Tukikata sasa, mti utadhani baridi imekwisha, utachipua, na baridi haijaisha. Tungoje mpaka katikati ya Machi ndipo tupogoe. Mbolea usiku wala mchana tusiiguse. Maji kidogo, asubuhi tu."

"Una hakika?"

"Nimeona waridi likirudi kutoka pabaya kuliko hapa."

"Basi tungoje," alisema Marhun, na kwa mara ya kwanza tangu Elisante afike nyumba ile, mzee alimshika bega.

Tangu siku hiyo walikuwa wawili. Kila magharibi mzee alishika pembe mbili za blanketi na Elisante pembe mbili, wakafunika kichaka kimoja baada ya kingine, na asubuhi wakafunua. Elisante alitandaza majani makavu ya mtende kuzunguka mashina. Marhun alijifunza kukwangua gome, akawa anakwangua kila siku mpaka Elisante akamwomba aache, maana alikuwa akiyaachia mashina vidonda. Walicheka. Vichaka vilikuwa vibaya kutazamwa, vimekauka na kuwa vyeusi kama vilivyotoka kwenye moto, lakini wao walijua kilichokuwa ndani.

Mwisho wa mwezi ulikuwa mwaka mmoja tangu Bi Thuwaiba afariki, na familia ilipanga kumsomea khitma pale pale Hatta siku ya Ijumaa. Wiki hiyo mzee alikuwa mjini kwa matibabu ya jicho. Jumanne binti yake, Reem, alitangulia kuja kuandaa nyumba.

Reem alikuwa na ofisi yake Dubai, na viza ya Elisante ilikuwa kwa jina lake. Yeye ndiye kafeel, mdhamini wake. Viza hiyo ilikuwa ikimalizika Mei, karatasi za kuihuisha zilikuwa zikisubiri saini yake, na mtunza bustani aliyemtangulia Elisante alikuwa amerudishwa kwao, kama Nasifu alivyosimulia, kwa sababu ya kujibizana. Kiswahili cha Reem kilikuwa cha utotoni, cha jikoni kwa mama yake. Alikitumia kwa Elisante tu, na kwa shida.

Alisimama mbele ya milangilangi, mkono kinywani.

"Nini hii?"

"Baridi, madam. Ya mwanzo wa mwezi."

"Na umeacha hivi? Wiki tatu?" Hakuwa na hasira bado. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Ijumaa wanakuja shangazi zangu, wanakuja rafiki za mama. Watasema amekufa mwaka mmoja tu na bustani yake tumeitupa. Kata yote hii. Safisha."

"Madam, labda tungengoja kidogo," alisema Elisante. Alisema chini chini, macho kwenye mkasi.

"Kungoja mpaka lini? Yalla, Elisante. Nikuulize. Tukikata, itakufa?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Alikuwa na maneno yote, kwani alishamwambia mzee bila kigugumizi. Angeweza hata kusema tu kwamba baba yako ameagiza tungoje. Lakini alimtazama Reem usoni, akaona ameshaamua, akakumbuka zile karatasi zinazosubiri saini yake.

"Hapana, madam," alisema. "Itachipua."

Alikata mchana kutwa. Alikata mpaka usawa wa goti, palipoanza ukijani, akazoa majani ya mtende kwa sababu Reem alisema yanaonekana kama takataka, akafagia. Ijumaa ugeni ulikaa kwenye mikeka karibu na ukuta ule, juzuu zikasomwa, halua ikapita, na hakuna aliyeuliza habari ya visiki kumi na kimoja.

Mzee alirudi kutoka hospitali asubuhi hiyo hiyo ya khitma, jicho moja limefungwa bandeji. Wageni walipoondoka alikwenda ukutani.

"Ulisema Machi," alimwambia Elisante.

"Madam alitaka pasafishwe, mzee."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Marhun alitikisa kichwa taratibu, akaenda kuketi. Elisante alibaki na lile neno moyoni.

Februari ikaja na joto la ajabu. Siku kumi na tano jua liliwaka kama la Aprili, na siku ya kumi na sita Elisante aliona kwenye kisiki cha tatu kitu mfano wa kichwa cha njiti ya kiberiti, chekundu chekundu. Kesho yake vilikuwa vinne. Wiki haikuisha, visiki vyote kumi na kimoja vilikuwa vimejaa machipukizi, mengine yamekwisha kufungua vijani vyake, laini kama sikio la mtoto. Nasifu alipiga picha akawatumia nduguze Iganga. Mzee alitolewa bandeji, akaletewa kiti cha plastiki, akawa anakaa hapo tangu baada ya kifungua kinywa mpaka adhuhuri.

"Unaona?" alikuwa akisema. "Unaona, Eli? Karudi."

Hakusema umerudi, kama mtu anavyosema juu ya mti. Elisante aliisikia, akaendelea kumwagilia. Alijua nguvu yote iliyokuwa imebaki kwenye mizizi ile imepanda juu sasa, imekaa kwenye vijani ambavyo havina gome wala chochote cha kuvikinga. Kila jioni alitazama anga.

Tarehe ishirini na mbili ilinyesha mvua mlimani. Ishirini na tatu upepo ulitoka kaskazini, na alasiri ukatulia. Elisante alitoa mablanketi yote kumi na mawili. Moyo haukumtulia, akaongeza magunia, akaongeza blanketi lake mwenyewe. Nasifu naye akaleta la kwake. Alisimika vijiti ili nguo zisiyaguse machipukizi, akazungushia mawe. Mzee alishika pembe zake kama kawaida.

"Leo hatukusahau," alisema.

Asubuhi Elisante alimwomba asitoke kwanza. Alifunua kichaka cha kwanza peke yake. Machipukizi yalikuwa yamesimama, mazuri, na kwa kuwa alishaona jambo hilo Januari hakufurahi. Alingoja jua. Lilipofika, yalilegea moja baada ya jingine, yakawa meusi. Alifunua cha pili na cha tatu. Alipofika cha sita aliacha, akaketi chini kwenye umande. Mzee alikuwa dirishani. Alikuwa ameona yote.

Baada ya hapo lilibaki suala la siku tu, ingawa zilikuwa nyingi. Machi yote Elisante alikwangua. Ukijani ulishuka kutoka usawa wa goti hadi kiganja kimoja juu ya udongo, kisha vidole viwili. Alifukua udongo shingoni mwa visiki, akafukia tena. Alijaribu kivuli, alijaribu maji ya uvuguvugu. Aliwahi kumpigia simu msimamizi wake wa zamani kule Usa River, naye akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Elisante, mti ukichipua mara ya pili ukaungua, unajua mwenyewe." Gome lilianza kupasuka kwa urefu, likabanduka kama ngozi ya nyoka. Kufikia Aprili joto lilikuwa limerudi na visiki tisa vilikuwa vimekauka. Viwili vilivyobaki havikukauka, vilioza.

Mzee bado alikuwa akija na kiti chake. Asubuhi moja aliuliza kwa utulivu, "Kimebaki chochote?"

"Hapana, mzee."

Elisante aliuweka chini mpira wa maji. Ndipo Elisante akasema bila kuulizwa, "Mzee, mimi nilikudanganya. Madam sikumwambia. Aliniuliza waziwazi kama tukikata itakufa, nikasema hapana. Niliogopa. Angejua, asingekata. Naamini asingekata."

Alitegemea hasira, na alikuwa tayari kwa hasira. Marhun alizungusha fimbo yake mchangani, akachora duara, akalifuta kwa ncha.

"Mie nilisahau mablanketi," alisema. "Hilo mbona hujanilaumu?" Kisha akauliza, "Reem anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue. Mama yake alipokuwa anakata roho alimpigia mara tatu. Yeye yumo mkutanoni, simu kaigeuza kifudifudi mezani. Hilo halijamtoka. Ukimwambia kuwa na hii kaiua yeye kwa mkono wake, Eli, nakuomba, usimwongezee. Nakuomba."

"Sitamwambia, mzee."

"Niahidi."

"Nimekuahidi."

Reem alikuja wiki ya kwanza ya Mei. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akakishika kisiki kimoja, na kisiki kikang'oka mkononi mwake bila kutumia nguvu. Aligeuka. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, Elisante amesimama nyuma yake na mpira wa maji.

"Ulisema itachipua."

"Ilichipua, madam. Baridi ikarudi."

"Baridi ilikuwepo wakati wa mama. Miaka kumi na miwili ilikuwepo. Kwa nini imekufa kwako?" Hakupaza sauti. Alikuwa akiuliza kweli, kama mtu anayetaka kuelewa. "Mama alikuwa mgonjwa wa moyo, hana nguvu ya kubeba ndoo, na haukufa hata mmoja. Wewe ni fundi. Ulifanya nini?"

Elisante alimtazama mzee. Hakutaka kusaliti neno lake, ila alingoja, labda mzee angesema lolote, hata neno moja la kupunguza. Marhun aliinamisha uso. Vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya kichwa cha fimbo, vinakwenda na kurudi.

"Sikuwa makini, madam," alisema Elisante.

Reem alikiweka kile kisiki chini taratibu, karibu na shimo lake, kana kwamba angeweza kukirudisha. Machozi yalimtoka bila sauti. "Khalas," alisema. "Ng'oa yote."

Aling'oa yote siku ile ile. Haikuwa kazi ngumu. Mizizi ilikuwa myeusi, inakatika yenyewe, inatoa harufu ya maji yaliyotuama kwenye ndoo. Aliipekua kwa vidole mmoja mmoja kabla ya kuitupa kwenye toroli, asije akatupa iliyo hai. Hakukuwa na iliyo hai.

Viza haikuhuishwa. Reem hakumfokea wala hakumnyima barua ya kumwezesha kutafuta kazi nyingine. Alimwandikia tu kwamba nyumba itapangishwa kwa watalii wa wikendi, na baba yake atahamia kwake mjini, ghorofa ya ishirini na mbili, kwa hiyo hakuna tena haja ya mtu wa bustani. Siku ya kuondoka mzee alitoka hadi getini kumuaga. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Niwie radhi," alisema.

"Hamna neno, mzee," alisema Elisante. Lilikuwepo neno, na wote wawili walilijua. Lakini gari lilikuwa likingoja.

Alikaa Naif, mtaa wa Dubai, siku kumi na tatu, chumba cha watu wanane, akisubiri tiketi. Kila asubuhi alitoka akazunguka kampuni za bustani akiwa na vyeti vyake vya Usa River, na kila mahali walimwuliza kazi ya mwisho iliishaje. Siku moja Nasifu alimpigia. Alisema ukuta wa mashariki wamemwaga kokoto nyeupe na kutandika nyasi za plastiki, na wageni wanapiga picha hapo. Alisema pia kwamba mzee Marhun aliletwa na dereva Jumamosi, akafika mpaka getini, akakaa ndani ya gari kama robo saa.

"Hakushuka?" aliuliza Elisante.

"Hakushuka."

"Alikusalimu?"

"Alinipungia mkono tu. Kisha akamwambia dereva wageuze."

Alhamisi Elisante alipanda ndege. Nyumbani mkewe, Redempta, alimpokea, akampa maji ya kuoga, akamwandalia chakula, na walipokwisha kula akamwuliza imekuwaje amerudi kabla ya wakati. Elisante alinawa mikono, akafuta vidole kimoja kimoja. Alimwambia kwamba mwenye nyumba amehama.